Nani Atakililia Kichaka cha Itigi?

Katika Kiswahili chetu, pori lina madaraja kama watu. Msitu una heshima: una wakala wake wa serikali, una siku yake ya kimataifa, na ukiutaja tu msikilizaji anawaza mvua, ukungu na miti mirefu. Mbuga ina watalii na magari yanayofunguka juu. Hata nyika ina ushairi kidogo. Lakini kichaka? Kichaka kina vibaka. Kichakani ndiko abiria wanakokwenda kuchimba dawa basi likisimama. Na kitenzi kinachoandamana na kichaka ni kimoja tu, kufyeka. Neno limezaliwa panga likiwa mkononi.

Wengi wetu tuliosoma sekondari za bweni tulifundishwa jambo hili kwa vitendo. Ukichelewa mstarini unapewa fyekeo na kipande chako nyuma ya bweni. Ukikutwa na simu, kipande kirefu zaidi. Kwa hiyo tangu tuna miaka kumi na minne tumejua kwamba mahali penye majani marefu ni mahali ambapo kuna mtu hajamaliza adhabu yake. Halafu tunafika chuo kikuu, tunaandikiwa ubaoni neno "bayoanuwai", na tunatakiwa tulipende.

Nasema haya kwa sababu kwetu ni Itigi, mkoani Singida, na kwetu hatuna msitu wala mbuga ya kujivunia kwa watu wa hosteli. Tuna kichaka.

Ukitoka Dodoma kwa treni ya reli ya kati kwenda Tabora, ukaipita Manyoni, ukaipita Aghondi, utakiona pande zote mbili za reli. Kama ni kiangazi utaona ukuta wa kijivu. Hauna jani. Ni vijiti, vijiti, vijiti, kama vile kuna mtu kakusanya mifagio ya chelewa ya nchi nzima akaisimamisha kichwa juu, mmoja ubavuni mwa mwingine, hadi macho yanapoishia. Urefu wake ni mita 3 hadi 5. Abiria anafungua dirisha, anatazama dakika moja, anasema, "Pori tu hili," anarudi kwenye simu yake.

Kumbe anachokitazama hakipo mahali pengi duniani. Uoto wa aina hii, ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la mji wetu, unapatikana katikati ya Tanzania, kuzunguka Itigi na Manyoni, na kipande kingine kipo kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa na upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Basi. Ukiumaliza hapo, huendi kuutafuta Brazili. Unaota juu ya mchanga ambao chini yake kuna tabaka gumu kama saruji, na vichaka vyake vimejifunza kuishi hapo kwa kubanana na kudondosha majani mvua zikiisha. Humo kuna mmea ambao jina lake la kisayansi ni Burttia, umepewa jina la Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi na idara ya utafiti wa mbung'o enzi za Mwingereza. Burtt alikufa kwa ajali ya ndege huku huku Tanganyika mwaka 1938. Maelezo yake kuhusu uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, miaka minne baada ya kifo chake. Kwa hiyo kuna mtu alikitazama kichaka chetu kwa makini kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Lakini aliwaandikia wanasayansi, na wanasayansi hawapigi kura kwenye mkutano wa kijiji.

Na kichaka kinapungua. Kinapungua kwa alizeti, kwa ufuta, kwa mtama, kwa mkaa. Sihitaji kukuletea asilimia. Panda treni hiyo hiyo, utaona ukuta wa kijivu umetobolewa, halafu umetobolewa tena.

Sasa, swali la makala hii linahusu kuandika. Mwezi wa tano nilipewa kazi ya kusoma makala zilizoletwa kwenye jarida letu kwa ajili ya Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani. Nilizisoma usiku mmoja, zote. Karibu kila moja ilianza na "mazingira ni uhai". Iliyofuata: "misitu ni mapafu ya dunia". Kisha zikaja hekta, kisha asilimia, kisha "jamii ielimishwe". Kiukweli nilisinzia, na mimi ni mtu ninayeyapenda hayo mambo.

"Mapafu ya dunia" iliwahi kuwa picha. Kuna mtu aliyeisema mara ya kwanza, na waliomsikia labda walishika kifua. Lakini imepita mikononi mwa watu wengi mno, imekuwa kama sarafu ya zamani ambayo sura ya kiongozi imesuguliwa mpaka haijulikani ni nani. Unaipokea, unaitoa, huitazami.

Katikati ya rundo lile kulikuwa na makala moja ya binti wa mwaka wa kwanza kutoka Iramba, kurasa mbili tu. Aliandika kuhusu chemchemi iliyo chini ya mwamba, karibu na kwa bibi yake. Zamani bibi alikuwa akitega ndoo, anakwenda kuokota kuni, akirudi ndoo imejaa. Siku hizi bibi huyo anakwenda na ndoo pamoja na kikombe. Anachota kwa kikombe, anasubiri maji yajikusanye, anachota tena. Binti hakusema "vyanzo vya maji vinakauka". Alisema bibi ameanza kwenda na kigoda, kwa sababu kusubiri kumekuwa kurefu.

Nilikaa kitandani naona kile kigoda.

Takwimu inakuomba uamini. Kigoda kinakuonyesha, halafu hitimisho unalifikia mwenyewe, na ni vigumu sana mtu kubishana na hitimisho alilolifikia mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo nguvu yote. Watu wengi wanadhani picha katika maandishi ni pambo, kama ubuyu juu ya aiskrimu, kitu cha kuongeza baada ya hoja kukamilika. Mimi naona pale ambapo picha ni nzuri, yenyewe ndiyo hoja.

Ushahidi mkubwa kuliko wote tunao hapa hapa nchini, nao ni Serengeti. Mwishoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadilisha mipaka ya hifadhi hiyo. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, walijifunza kurusha ndege, wakaja nayo kutoka Ujerumani, wakaanza kuhesabu wanyama kutoka angani ili wajue makundi yanahamia wapi. Walihesabu kweli kweli. Idadi waliyoitoa ni wanyama wakubwa 366,980. Sasa niambie, kuna mtu unayemfahamu anayeikumbuka namba hiyo? Wanachokikumbuka watu ni ndege. Ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia, inaruka chini chini juu ya nyumbu. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, Michael akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kitabu na filamu vikatoka mwaka huo huo, kwa jina ambalo kwa Kiswahili ningesema Serengeti Haipaswi Kufa, na mwaka 1960 filamu ikapata Tuzo ya Oscar. Angalia hata hilo jina. Mbuga haifi, mtu ndiye anayekufa. Lakini Grzimek aliipa Serengeti mwili, na kitu chenye mwili kinaweza kuombolezwa. Ulaya nzima ikaanza kuchangia fedha kwa ajili ya mahali ambapo wengi wao hawakuwahi na hawatawahi kufika.

Hiyo ndiyo habari njema. Habari nyingine ni kwamba katika picha ile hapakuwa na nafasi kwa watu. Ilikuwa picha ya ardhi ya wanyama, tangu mwanzo wa dunia, na mtu anayeingia na ng'ombe wake anaonekana kama doa kwenye kioo. Mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai waliokuwa ndani ya Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Sisemi filamu ndiyo iliyowahamisha. Mambo hayo yalishaanza mezani kwa wakoloni. Nasema picha iliyochorwa bila mtu humrahisishia kazi anayetaka kumwondoa mtu.

Tena picha ya pori tupu inafanya kazi pande zote mbili. Inaweza kulinda pori, na inaweza kulifyeka. Jirani zetu wa Kongwa, hapa mkoani Dodoma, wanalijua hilo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikuja Tanganyika kuangalia ardhi ya kulima karanga, maana Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Walikaa wiki chache, sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa angani. Na ukiwa angani, vichaka vya katikati ya Tanzania vinaonekana kama zulia lililotandikwa kumsubiri mwenye trekta. Ripoti yao ikauza picha hiyo: ardhi kubwa, tupu, inayongoja mashine. Mpango ukawa ekari zaidi ya milioni 3.

Mwaka 1947 mashine zikafika, na hapo ndipo kichaka kilipojieleza chenyewe. Mabuldoza yalivunjika. Wakaleta vifaru vilivyobaki vitani, vikageuzwa matrekta. Mibuyu ilipoangushwa, nyuki waliokuwa wamejenga ndani yake walitoka na kuwashambulia madereva. Mvua hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye ripoti. Udongo ukikauka ulikuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizoota zilikuwa kazi kuzichimbua. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Wagogo waliokuwa wakiishi pale siku zote walijua mvua yao ni ya namna gani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuwauliza, kwa sababu kwenye picha hawakuwepo.

Ndiyo maana ninapomwona mwandishi wa kampasi anapiga picha ya droni juu ya pori, anaandika chini yake "uzuri usioguswa", nashtuka kidogo. Usioguswa na nani? Shuka chini kwanza.

Nilipoanza kutafuta mtu aliyeshuka chini, niligundua kwamba picha kali si lazima iwe ndefu wala ya kishairi. Wangari Maathai, mwaka 1989, alikuwa anapinga jengo la ghorofa 60 ambalo chama tawala cha Kenya kilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Angeweza kuandika kuhusu umuhimu wa maeneo ya wazi mijini. Badala yake aliwauliza wakubwa wa nje, katika barua: je, mngekubali kitu kama hiki kijengwe Hyde Park ya London, au Central Park ya New York? Basi, swali moja. Aliyesoma barua ile alilazimika kuliona jengo limesimama kwenye nyasi za kwao. Bungeni walimkejeli, lakini fedha za nje zikasita, na jengo halikujengwa. Sawa, Uhuru Park si pori. Lakini kanuni ni ile ile: alichukua kitu cha mbali akakiweka uani kwa msomaji.

Nirudi kwetu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mambo makubwa ya ardhi ya kijiji yanapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, chini ya mti au kwenye ua wa shule. Maana yake ni kwamba hatima ya kichaka, kwa sehemu kubwa, inategemea nani kaongea vizuri siku hiyo. Likizo moja nilihudhuria mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja kando ya reli. Ajenda ilikuwa mpango wa matumizi bora ya ardhi: kipande kipi kiwe mashamba, kipi kiwe malisho, kipi kibaki kama kilivyo.

Afisa aliyekuja aliongea kama makala zetu. Alijua kazi yake na kila alichosema kilikuwa sahihi. Ikolojia, hewa ukaa, hekta kadhaa, vizazi vijavyo. Watu walikuwa wanajipepea kwa kofia. Kuna mzee nyuma yangu alikuwa anahesabu vizazi vijavyo kwa vidole, kwa kejeli, akaishia kwa wajukuu zake wanne.

Kisha akasimama mama mmoja, mfuga nyuki. Akasema, "Mwenyekiti, mimi sijasoma. Nataka niwaulize tu hawa wenzangu. Mwezi wa kumi, saa saba mchana, kuku wako anakaaje?" Watu wakacheka. Akasema, "Si anaacha mdomo wazi, mbawa kaziachia? Haya. Saa hiyo hiyo mimi niko kule ndani nakagua mizinga yangu, na kanga nimejifunga mabegani. Sasa kateni. Lakini mkishakata, msije kwangu kuomba kivuli, na mimi nitakuwa nimekaa kama kuku."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na baada ya kicheko kukawa na kimya ambacho afisa hakukipata kwa dakika arobaini. Hakutaja tabianchi. Alimtaja kuku ambaye kila mtu pale alikuwa amemwacha nyumbani asubuhi.

Nilidhani yamekwisha. Akasimama baba mmoja, mkulima, wa upande wa kusini ambako pori letu linaelekeana na mapori ya akiba ya Muhesi na Kizigo. Akasema kwa upole kabisa: "Mama kasema vizuri. Lakini mimi kichaka hicho ndicho kinachonifichia tembo. Alikuja usiku, akaingia kwenye mtama, akala taratibu kama mtu aliyelipia. Mimi na mke wangu tunagonga sufuria. Akageuka, akatutazama, akaendelea kula." Nako kukawa na kimya. Kimya kile kile.

Huu ndio ugumu ambao sijauona ukijadiliwa darasani tunapofundishwa uandishi wa kushawishi. Tembo wa yule baba alikuwa dhahiri sawasawa na kuku wa yule mama. Picha hazikai upande mmoja. Ukiamua kupigana kwa picha, ujue mwenzako naye ana macho. Lakini niliona pia faida yake: baada ya hapo mjadala ulibadilika. Watu waliacha kuuliza "tukate au tusikate", wakaanza kuulizana mizinga ya nani iko wapi, tembo anapitia korongo lipi, shamba likiishia pale itakuwaje. Walikuwa wanalitembea pori wakiwa wamekaa. Mwishowe walikubaliana kuacha kipande cha mashariki chenye mizinga, na cha kusini kikagawiwa kwa mashamba. Sikufurahia sehemu ya pili. Lakini ulikuwa uamuzi wa watu waliokuwa wanakiona wanachokiamulia, tofauti na wale wa ndege ya 1946.

Nikiwa na hayo kichwani nilijaribu kuandika aya yangu ya kichaka cha Itigi. Nimeiandika mara nyingi, iliyobaki ni hii:

"Kuingia, unainama kwanza. Mtu mzima hatembei wima humo. Anapita kama anayepita chini ya kamba za nguo uani kwa watu. Matawi yanakushika shati, unarudi hatua moja, unajinasua, unaendelea. Baada ya hatua kama ishirini husikii tena barabara. Mwanga unashuka vipande vipande kama umepitishwa kwenye chekecheke. Digidigi anakuona kabla hujamwona. Unachopata ni kishindo kidogo cha kwato na tawi linalotikisika. Mbung'o anakuuma juu ya kitambaa. Kisha unasikia mngurumo wa chini chini, unatazama juu, mzinga wa gome umening'inizwa, na chini yake kuna alama za miguu ya mtu aliyekuja jana. Ukitoka upande wa pili unatokea kwenye jua, kwenye visiki vyenye urefu wa goti, na kando ya barabara magunia matatu ya mkaa yamefungwa midomo kwa nyasi, yanasubiri lori."

Kuna rafiki yangu wa chumbani aliyeisoma akasema niondoe magunia, yanaharibu hali. Nikamwambia magunia hayatoki. Moja ya magunia kama yale lilinilipia ada ya kidato cha tano. Mjomba wangu alifyeka ekari mbili na nusu, vijiti akachoma mkaa, ardhi akapanda ufuta, na bei ya ufuta ilikuwa nzuri mwaka ule. Hakuwa adui wa mazingira. Alikuwa mtu mwenye mpwa aliyefaulu. Nikiandika pori lenye digidigi na nyuki halafu nikamfuta mjomba, nitakuwa nimechora tena ile picha ya angani, kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Na kuna sababu nyingine ya kuacha magunia. Msomaji wa jarida hili hajui digidigi wa Itigi, lakini mkaa anaujua. Kuna genge karibu na geti letu ambapo bumu likichelewa wengi tunahamia kupika nje, mkaa wa kopo, wa buku. Nilimuuliza muuzaji unatoka wapi, akasema wa sasa hivi unatoka Manyoni. Kwa hiyo ile aya haina mwisho pale barabarani. Lori linakuja, linapakia, linapita Manyoni, linafika Dodoma, na kijiti kile kilichokushika shati sasa kipo chini ya sufuria yako ya wali, kinawaka.

Jumapili iliyopita nilimpigia mjomba nimsomee. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Mjomba, kuna kitu nimekiandika, kuhusu kule porini kwetu." Akasema soma. Alisikiliza mpaka mwisho, nasikia kuku kwa nyuma na mtu anatwanga. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Hapo pa kuinama umepatia," akasema. "Hao wenzako wakisoma, si watakuja kutuambia tusikate?"

"Pengine, mjomba."

"Sawa. Waambie waje kipindi cha kiangazi, waone. Na waambie waje na jibu la ada ya mdogo wako, maana Julai anaingia kidato cha tano."

Nimeiandika kama alivyosema.